Picha Inayocheza Si Mkanda Uliokufa

Somo kwa familia zenye kaseti za video za zamani, na kwa vijana wa saiba na mafundi wanaozihamishia kwenye kompyuta

Kaseti iliyotufanya tuandike somo hili ilitoka Kilelengwani ndani ya mkebe wa biskuti. Mwezi Septemba mwaka 2012, mapigano yalipofika kijijini na nyumba zikachomwa, mwenyewe aliubeba mkebe huo kwa sababu ndani mlikuwa na vitambulisho na kadi za kliniki za watoto. Kaseti ilikuwamo tu. Ni ya harusi ya mwaka 1996, na kwa dakika chache marehemu mumewe anaonekana amesimama akiwausia maharusi. Mama huyo hana picha nyingine inayomwonyesha mumewe akitembea na kuzungumza.

Aliipeleka kwa fundi aliyetangaza kuwa anahamisha video kwenye flashi. Fundi akaichomeka. Picha ikapinda upande wa juu, ikaruka mara mbili tatu, kisha kompyuta ikaonyesha buluu tupu. Akamwambia, "Mama, hii imekufa. Itupe."

Haikuwa imekufa. Iliyokuwa imepotea ni saa yake, na tutaeleza maana ya maneno hayo hapa chini. Tunaandika kwa sababu tunajua kaseti za aina hii bado zipo katika nyumba nyingi za delta, kuanzia Garsen hadi Kipini, na nyingine ziko kwenye makabati ya ofisi. Si zote za harusi. Zipo za mikutano ya hadhara, za harambee za shule, za wazee wa Gasa wakizungumza, na pengine za wazee wakionyesha kwa mkono malka ilipopita kabla mto haujahama. Kaseti kama hiyo ikitupwa kwa kuwa picha inacheza, hakuna nakala nyingine itakayoulizwa.

Kwa nini picha hucheza

Video ya zamani haihifadhi picha nzima kwa pamoja kama kamera ya simu. Huichora mstari mmoja baada ya mwingine, kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayepanda mpunga safu kwa safu. Kenya ilitumia mfumo wa PAL, wenye mistari 625 kwa kila picha na picha 25 kwa kila sekunde. Ukizidisha utapata mistari 15,625 kwa sekunde moja. Kila mstari umepewa mikrosekunde 64 tu, na mikrosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara milioni.

Mwanzoni mwa kila mstari kuna mpigo mfupi wa umeme ambao hauonekani kwenye kioo. Kazi yake ni kuiambia runinga, "Anza mstari mpya sasa." Kuna na mpigo mwingine, mrefu zaidi, unaosema, "Rudi juu." Kwa kweli kila picha huchorwa kwa awamu mbili, mistari ya witiri na mistari ya shufwa, kwa hiyo mpigo huo wa kurudi juu huja mara 50 kwa sekunde. Mipigo hii ndiyo saa ya video. Picha ikiwa nzuri namna gani, bila mipigo hiyo runinga haijui pa kuiweka.

Sasa tuingie ndani ya deki. Katika deki ya VHS, mfumo ambao kampuni ya JVC iliutoa huko Japani mwaka 1976, kuna gurudumu la chuma lenye kipenyo cha milimita 62 linalozunguka mara 25 kwa sekunde. Ubavuni mwake kuna vichwa vidogo, ambavyo mafundi huviita hedi. Kila hedi husoma awamu moja ya picha kwa mshazari juu ya utepe. Utepe wenyewe hutembea polepole, kama sentimita 2.3 kwa sekunde, lakini kwa sababu ya mzunguko ule hedi huusugua kwa mwendo wa karibu mita 5 kwa sekunde.

Utepe ni plastiki. Ukikaa miaka 25 chini ya mabati, hutanuka hapa na kunywea pale. Mpira unaouvuta hukauka na kuteleza. Springi inayoukaza hulegea. Hapo mistari haiji tena kila baada ya mikrosekunde 64: mmoja huja baada ya 63.8, unaofuata baada ya 64.3. Tofauti hiyo inaonekana ndogo hadi uipime kwenye kioo. Sehemu ya mstari inayoonekana ni mikrosekunde 52. Kwenye runinga yenye upana wa sentimita 52, mstari uliochelewa kwa mikrosekunde moja husogea kulia kwa sentimita nzima. Mstari wa juu yake ukiwa umewahi, nguzo ya nyumba inageuka nyoka.

Kabla ya kununua chochote, jifunze kutambua ugonjwa. Tafuta mahali kwenye mkanda penye kitu kilichonyooka wima: fremu ya mlango, mlingoti wa bendera, ukuta. Kikitetemeka au kupinda huku rangi na sura za watu zikiwa safi, shida ni ya saa. Picha ikipinda upande wa juu tu, utepe haujakazwa sawasawa. Picha ikipanda au kushuka na kuruka nzima, mpigo wa kurudi juu umepotea au ni dhaifu. Lakini ukiona chenga, yaani vitone na michirizi myeupe, hiyo ni habari tofauti: hedi chafu, utepe uliochubuka, au deki isiyofuata njia ya utepe vizuri. Tunasisitiza hapa kwa sababu watu hupoteza pesa: kifaa cha kurekebisha saa hakiondoi chenga.

Jambo jingine linalochanganywa ni zile programu za simu zinazotuliza video iliyochukuliwa kwa mkono unaotikisika. Zile hutuliza mtikisiko wa mpiga picha. Haziwezi kunyoosha mistari iliyovurugika ndani ya picha, wala kurudisha picha ambayo kompyuta haikuipokea.

Runinga ya kichogo na kompyuta

Mama alituuliza swali zuri: mbona kaseti hiyo hiyo ilionekana sawa kwenye runinga ya jirani miaka ile? Jibu ni kwamba runinga ya kichogo ilikuwa mvumilivu. Mwale wake uliifuata mipigo ilivyokuja. Mstari ukichelewa, nao uliungoja kidogo. Picha ilipinda kidogo pembeni na hakuna aliyejali.

Kifaa cha kidijitali hakina subira hiyo. Kinagawa kila mstari katika nukta 720 na kinataka nukta ya kwanza ianze mahali pale pale kila mara. Mpigo ukichelewa, hukata mstari mahali pasipofaa. Mpigo wa kurudi juu ukikosekana, huitupa picha nzima, au huirudia iliyotangulia ili kuziba pengo. Mipigo ikizidi kuvurugika, huamua kwamba hakuna kitu kwenye waya na kukuonyesha buluu. Buluu ile si rangi ya mkanda. Ni kifaa kinachosema hakimwelewi msemaji.

Hasara haiishii kwenye picha. Sauti hupita njia yake, nayo haidondoki. Tuseme kifaa kinatupa picha 3 tu kila dakika. Macho hayawezi kuona. Baada ya saa moja ni picha 180, yaani sekunde 7.2. Mwishoni mwa kaseti ya saa tatu, sauti na midomo zimeachana kwa zaidi ya sekunde 21. Mwandishi wa somo hili alijifunza hivyo kwa aibu. Kazi yake ya kwanza, iliyofanywa kwa kifaa cha bei rahisi cha kuchomeka kwenye USB, ilirudishwa na wenyewe kwa sababu vigelegele na picha ya bibi harusi akitokea mlangoni vilikuwa vimeachana.

Hapa ndipo penye somo lenyewe: saa hurekebishwa kabla ya picha kuingia kwenye kompyuta. Kilichodondoka wakati wa kunasa hakimo kwenye faili, na hakuna programu itakayokileta.

Mwenye mtumbwi

Kifaa kinachofanya kazi hiyo duniani hujulikana kwa herufi TBC. (Wasikilizaji wa redio wasichanganye na shirika la utangazaji la Tanzania.) Kwa Kiswahili tunaweza kukiita kirekebisha majira.

Yeyote aliyevuka Tana kwa mtumbwi ataelewa kinavyofanya kazi. Abiria hawafiki ukingoni kwa mpango. Mmoja anakuja mbio, wawili wanafika pamoja, mwingine anachelewa kwa sababu ya mbuzi wake. Kama mwenye mtumbwi angemvusha kila mtu sekunde ile anayofika, ng'ambo pangekuwa na vurugu ile ile. Lakini akiwaweka wangoje ukingoni na kuondoka kwa wakati uliopangwa, ng'ambo wanafika kwa utaratibu. Kirekebisha majira hupokea mistari inavyokuja, huiweka kwenye kumbukumbu yake, kisha huitoa mmoja mmoja kila baada ya mikrosekunde 64 kamili, ikiwa na mipigo mipya.

Ukingo ukiwa mdogo, wanaongoja ni wachache. Ndiyo maana viko vya aina mbili. Aina ya kwanza huweka mistari michache tu. Hunyoosha nguzo zilizopinda, lakini picha nzima ikiruka haina nafasi ya kusaidia. Hii hupatikana ndani ya baadhi ya deki za S-VHS za daraja la juu, kama zile za JVC na Panasonic, ambazo hucheza kaseti za VHS za kawaida vilevile. Aina ya pili huweka picha kamili, hivyo hata picha moja ikikosa mpigo, hutoa iliyopo na kifaa cha kunasa hakioni pengo. Hii ndiyo inayozuia picha kudondoka na sauti kuachana na midomo. Wenye kazi kubwa hutumia zote mbili, ya kwanza ndani ya deki, ya pili baada yake.

Vifaa vya aina ya pili vilitengenezwa kwa vituo vya televisheni. Leo ni adimu na bei yake si ya mtu wa kawaida. Kwa fundi wa Garsen au Hola tunapendekeza njia ya kati, ambayo wapenzi wa kazi hii ng'ambo waliigundua kwa kujaribu. Baadhi ya mashine za kurekodi DVD, zile za kurekodi, si za kucheza tu, zina kirekebisha majira kwenye mlango wake wa kuingizia video. Zinazosifiwa zaidi ni Panasonic DMR-ES10 na DMR-ES15. Huhitaji kuweka diski. Waya kutoka deki huingia nyuma ya mashine hiyo, na waya mwingine hutoka hapo kwenda kwenye kifaa cha kunasa. Mashine inakuwa kama kivuko. Haifikii kirekebisha majira kamili, na wakati mwingine hulainisha picha kidogo, lakini kwa upande wa juu uliopinda na buluu ya ghafla inafanya kazi nzuri. Hakikisha ni ya PAL. Ukiiona kwenye mitumba ya vifaa vya umeme, usiipite kwa sababu tu droo ya diski imekwama, droo hatuihitaji.

Kijana mwenye mkono wa soda na muda wa kusoma anaweza pia kutafuta programu ya bure iitwayo vhs-decode. Njia hiyo huchukua mawimbi ghafi moja kwa moja kutoka kwenye hedi za deki, na kompyuta hufanya kazi yote ya kurekebisha majira baadaye. Matokeo yake ni mazuri sana, ila lazima deki ifunguliwe na kuunganishwa waya ndani. Asiyewahi kufungua deki asianze na kaseti ya mtu.

Anza na mkanda, si mashine

Kirekebisha majira kisipate kazi ambayo kitambaa kingeifanya. Fungua mdomo wa kaseti kwa kidole na utazame utepe kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe au wa kijivu kwenye kingo za utepe uliozungushwa, huo ni ukungu. Usiichomeke. Ukungu huo huziba hedi na kuhamia kaseti inayofuata, na si mzuri kwa mapafu. Iweke kaseti kwenye mfuko wa karatasi mahali pakavu penye hewa, mbali na nyingine, hadi ipatikane namna ya kuisafisha.

Delta yetu ina jambo ambalo vitabu vya ng'ambo hulitaja kwa ufupi: mafuriko. Baada ya El Niño ya 1997 na 1998, na tena baada ya mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024, watu walitoa vitu vyao kwenye matope. Kaseti iliyolowa maji ya mto haianikwi juani. Joto huvuta utepe, na tope likikaukia juu yake hugeuka msasa. Isuuze tope kwa maji safi ya baridi, ikiwezekana ya mwisho yawe yaliyochujwa ya kuwekea betri, yasiyo na asidi, kisha iache ikauke kivulini kwa siku nyingi, imesimama wima. Usiicheze hadi uwe na hakika kuwa hakuna unyevu ndani. Kwa kaseti iliyozama, fundi hufungua ganda, akahamishia magurudumu ya utepe kwenye ganda safi la kaseti isiyo na thamani.

Kaseti kavu na safi ipeleke mbele hadi mwisho, kisha irudishe yote bila kusimama. Utepe uliokaa miaka umezungushwa umekazwa huku na kulegea kule, na mzunguko huo huusawazisha. Mara nyingi nusu ya kupinda kwa upande wa juu huisha hapo hapo, bila senti. Tumia deki ya pili kwa kazi hii kama unayo.

Safisha hedi kwa pombe ya isopropili ya asilimia 99 na kipande cha ngozi laini, ukipitisha kwa ulalo kufuata mzunguko, kamwe si juu na chini, kwani hedi ni nyepesi kuvunjika. Spiriti ya dawa ya dukani haifai sana. Baadhi huongezwa mafuta yanayobaki kwenye chuma. Safisha na mpira unaovuta utepe. Kisha cheza kaseti, na ugeuze kitufe cha kufuatisha njia hadi chenga zipungue. Isipotulia, jaribu deki nyingine. Hili si ushirikina. Kila deki husoma kwa namna yake kidogo, na kaseti inayosumbua kwenye deki ya gharama huweza kutulia kwenye ile iliyosahauliwa nyuma ya duka. Mwenye deki mbili nzima azitunze: Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyokuwa bado ikizitengeneza, iliacha Julai 2016. UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, walianza mwaka 2019 kuwahadharisha wenye mikanda kwamba wataalamu waliuhesabu mwaka 2025 kuwa ukomo wa kuihamisha kwa urahisi. Mwaka huo ulihesabiwa kwa sababu ya mashine kuisha na mafundi kuzeeka, zaidi ya mikanda yenyewe kuoza.

Neno kuhusu umeme. Wengi wetu hutumia sola na inveta. Inveta za bei ya chini hutoa umeme usio laini, na huweza kuleta mistari mipana inayopanda polepole kwenye picha. Ukiiona, jaribu umeme wa stima kabla ya kuilaumu kaseti. Na stima yenyewe huenda ikapanda na kushuka. Kifaa cha kusawazisha umeme ni bora kuliko kujuta.

Wakati wa kunasa

Kama deki ina tundu la S-Video, tumia hilo badala ya waya wa manjano, maana rangi na mwanga hupita kila kimoja kwa njia yake. Nasa kwa ukubwa wa nukta 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde, na uiache mistari ya witiri na shufwa jinsi ilivyo. Kuiunganisha ni kazi ya baadaye, kwenye nakala.

Programu nyingi za kunasa, VirtualDub ikiwemo, huonyesha idadi ya picha zilizodondoka na zilizoongezwa. Hicho ndicho kipimo chako. Usitazame harusi, tazama namba hizo. Zikibaki sifuri au moja mbili kwa saa nzima, saa imetulia. Zikipanda kila dakika, simamisha, rudi kwenye waya, kwenye deki, kwenye mkanda. Usiendelee kwa matumaini.

Faili ya kwanza isibanwe kwa kupoteza. Video ya ukubwa huo bila kubanwa kabisa huchukua karibu GB 75 kwa saa. Ukitumia mfumo wa FFV1, ambao ni wa bure na hutumiwa na hifadhi za nyaraka, hushuka hadi takriban nusu yake bila kupoteza nukta hata moja. Kutoka kwenye faili hiyo utatoa nakala ndogo ya MP4 ya kutuma kwa simu. Mteja akikuuliza kwa nini unampa diski badala ya flashi ndogo, mweleze; ukimpa MP4 pekee umemnyima kilichobaki cha kaseti yake. Na kaseti yenyewe mrudishie. Haitupwi.

Kwa kaseti inayokatika kila mara, hakuna ubaya kuicheza mara mbili au tatu na kuchukua kipande bora cha kila mara. Na ikiwa utepe unachubuka mbele ya macho yako na huna kifaa chochote, chukua simu, rekodi kioo cha runinga. Si njia tunayoifundisha, ila ni bora kuliko buluu.

Picha ni za nani

Harusi zetu zina upande wa kina mama, na kamera iliingia huko kwa makubaliano kwamba kaseti itabaki nyumbani. Faili haibaki nyumbani. Fundi asiweke kipande chochote kwenye WhatsApp wala Facebook kuonyesha ufundi wake bila ruhusa ya wenyewe, na akishakabidhi kazi afute nakala iliyobaki kwenye kompyuta yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamhusu hata yeye. Kaseti za ofisi za umma ni jambo jingine: hizo ni nyaraka za umma chini ya Sura ya 19 ya Sheria za Kenya, na afisa hana ruhusa ya kuzitupa kwa sababu deki ya ofisi imeharibika.

Kaseti ya Kilelengwani ilitulia kwa mara ya tatu. Tuliizungusha mbele na nyuma, tukabadilisha deki, tukaipitisha kwenye mashine ya kurekodi DVD iliyokwama droo. Idadi ya picha zilizodondoka ilikuwa nne kwa saa moja na dakika ishirini. Nguzo ya ukumbi imesimama wima.

Kisha tulikaa na Mama na daftari, tukisimamisha picha kila baada ya muda mfupi, akatutajia nani ni nani: huyu ni mtoto wa fulani, yule alihamia Witu, hawa wawili wametangulia mbele ya haki. Tuliandika dakika na sekunde ya kila jina na kuhifadhi orodha hiyo pamoja na faili. Kazi hii haina mashine, na inataka kufanywa wakati wenye kujua wapo.

Mahali pamoja palitushinda. Katika VHS sauti ya kawaida hurekodiwa kwenye ukingo wa juu wa utepe, na ukingo huo ulikuwa umekunjika kwa urefu wa sentimita chache, mumewe akiwa katikati ya sentensi. Picha ipo, mdomo unasogea, lakini sekunde tatu hazisikiki. Mama alituambia ni maneno gani. Tumeyaandika kwenye orodha, mbele ya dakika ya 47.